Je, polisi wa trafiki wana mamlaka ndani ya boma, shamba au kiwanda?

Fikiria siku ya mazishi kijijini. Wageni wamefika kwa magari, na magari yameegeshwa kila mahali ndani ya boma. Jioni inapoingia, dereva wa pikapu anarudi nyuma ili atoke. Hakumwona mtoto aliyekuwa akicheza nyuma ya gurudumu. Mtoto anavunjika mguu.

Kabla ya mtu yeyote kupiga simu, mzee mmoja anasimama na kusema: "Hapa ni nyumbani, si barabarani. Polisi hawana kazi hapa. Tutayamaliza wenyewe."

Maneno kama hayo husemwa sana. Husemwa pia na msimamizi wa shamba la miwa trekta linapomgonga kibarua, na kijana anayeendesha pikipiki bila leseni kwenye uwanja wa soko. Wote hutegemea wazo moja: kwamba sheria za trafiki huishia pale ardhi ya mtu binafsi inapoanzia.

Wazo hilo lina ukweli kidogo na kosa kubwa. Katika makala haya tunaeleza sheria ya Kenya inasema nini, mpaka uko wapi, na kwa nini jambo hili linaweza kumgharimu pesa nyingi yule yule anayedhani linamlinda.

Jibu kwa ufupi

Sheria ya Trafiki haiulizi hatimiliki ya ardhi ina jina la nani. Inauliza kama mahali hapo magari yanaweza kupita, na kama umma una nafasi ya kufika hapo. Majibu yakiwa ndiyo kwa yote mawili, hapo ni barabara mbele ya sheria hata kama ardhi ni ya mtu, ya kanisa au ya kampuni, na polisi wana mamlaka yale yale waliyo nayo kwenye lami.

Majibu yakiwa hapana, makosa mengi ya trafiki hayawezi kushtakiwa. Lakini hilo halina maana kwamba hakuna sheria. Mtu akijeruhiwa au akifa, sheria nyingine zinaingia, na baadhi yake ni kali kuliko ile ya trafiki.

"Barabara" ni nini?

Sheria inayotuhusu ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Ilitungwa mwaka wa 1953, wakati wa ukoloni, na imefanyiwa marekebisho mengi tangu hapo. Mwanzoni kabisa, kifungu cha 2 kinaeleza maana ya neno "barabara".

Kwanza, barabara ni barabara yoyote ya umma. Hiyo kila mtu anaielewa. Lakini kifungu hakiishii hapo. Kinaongeza barabara au njia nyingine yoyote, gati ya kupakulia mizigo, maegesho ya magari, hata njia ya miguu, mradi gari linaweza kupita hapo na umma una nafasi ya kufika.

Angalia kwamba katika orodha hiyo hakuna neno "lami". Hakuna neno "serikali". Hakuna neno "hatimiliki". Njia ya vumbi inayokatiza shamba la mtu inaweza kuwa barabara. Uwanja wa kuegesha magari mbele ya duka la mtu unaweza kuwa barabara.

Kwa nini tunalikazia neno hili moja? Kwa sababu makosa mengi ya trafiki yameandikwa yakiwa na neno hilo ndani yake. Ni kosa kuendesha gari barabarani bila leseni. Ni kosa kuendesha barabarani kwa njia ya hatari, au kwa uzembe. Kifungu cha 46, kinachomhusu dereva aliyesababisha kifo kwa kuendesha kwa njia ya hatari, nacho kinazungumzia gari lililo barabarani, na adhabu yake inaweza kufika miaka 10 gerezani. Mshtakiwa akithibitisha kwamba mahali pale hapakuwa barabara, shtaka la namna hiyo linaweza kuanguka.

Kosa la kuendesha ukiwa mlevi limeandikwa kwa upana zaidi. Kifungu cha 44 kinasema barabarani "au mahali pengine pa umma". Tena, hakimgusi anayeendesha peke yake. Kinamgusa anayejaribu kuendesha, na hata aliye na usimamizi wa gari wakati huo. Kwa hiyo mlevi aliyekaa kwenye usukani, ufunguo mkononi, kwenye uwanja wa harambee ulio wazi kwa wote, asijifariji kwamba bado hajafika barabarani.

Umma una nafasi ya kufika: maana yake nini?

Hapa ndipo penye mabishano. Njia nyingi vijijini ni za mtu, lakini kila mtu hupita. Je, hizo ni za umma?

Msaada mmoja unatoka mbali, huko Scotland, katika kesi ya mwaka wa 1932 inayojulikana kama Harrison na Hill. Kesi yenyewe ilihusu njia ya shamba, iliyotoka barabara kuu hadi kwenye nyumba ya mkulima. Njia ilikuwa yake. Swali lilikuwa kama dereva aliyekamatwa hapo alikuwa barabarani. Mahakama ilisema ndiyo.

Majaji walitoa kipimo ambacho bado kinatumika. Tazama kama watu wa kawaida hupita hapo. Kisha uliza wamefikaje. Kama wamefika bila kuvuka kizuizi, kama lango lililofungwa au ua, na bila kupuuza katazo la mwenye mahali, basi umma una nafasi ya kufika. Kama wamevunja lango, au wamepita chini ya kibao cha "Usiingie", basi hawahesabiki.

Hukumu za nje hazizifungi mahakama za Kenya. Lakini maneno ya sheria yetu kuhusu jambo hili yanafanana na ya sheria za Uingereza, na mawakili hutumia hukumu kama hizo kujenga hoja zao.

Kwa lugha ya nyumbani, jiulize maswali matatu:

1. Je, gari au pikipiki inaweza kupita hapa?
2. Je, watu wa kila namna hufika hapa, si jamaa, wafanyakazi na wageni walioalikwa tu?
3. Je, kuna lango linalofungwa, mlinzi anayerudisha watu, au kibao cha katazo ambacho kweli hufuatwa?

Mtu akijibu ndiyo, ndiyo, hapana, ajue yuko barabarani.

Mahali tunapopajua

Tupeleke kipimo hicho kwenye mahali pa kawaida. Kumbuka kwamba mwisho wa yote ni mahakama inayoamua, kwa ushahidi wa kesi iliyo mbele yake. Haya ni majibu ya kukuelekeza tu.

Kituo cha mafuta. Ardhi ni ya mtu au ya kampuni. Lakini yeyote mwenye gari anaingia bila kuuliza. Hapo ni vigumu sana kudai kwamba si barabara. Dereva anayekatiza kituoni ili akwepe kizuizi cha polisi hajakwepa sheria.

Maegesho ya duka, hoteli au hospitali. Sheria yetu imeyataja maegesho kwa jina. Kama yako wazi kwa wateja wote, sheria ya trafiki inatumika.

Uwanja wa soko na kituo cha kukusanyia majani chai. Watu wa kila namna huja na punda, pikipiki na malori. Hapo ni mahali pa umma mchana kutwa, hata kama kipande cha ardhi kina mwenyewe.

Uwanja wa kanisa, msikiti au shule. Hapa jibu linaweza kubadilika. Siku ya ibada au ya mkutano wa wazazi, lango liko wazi na kila mtu anaingia. Usiku wa manane lango limefungwa na mlinzi yuko macho. Mahali ni pale pale, lakini wakati unaweza kubadilisha jibu.

Njia za ndani ya shamba kubwa la chai, miwa au maua. Kama njia inakatiza shamba na wanakijiji huitumia kila siku kwenda zahanati au shuleni, na kampuni huwaacha, hiyo inaelekea kuwa barabara. Kama kuna kizuizi, na mlinzi huandika jina la kila anayeingia na kuwarudisha wasio na shughuli, inaelekea kuwa ya faragha.

Ndani ya kiwanda au machimbo ya mawe. Penye lango na ulinzi, na wanaoingia ni wafanyakazi na wenye shughuli maalum, kwa kawaida si barabara. Lakini tutaona hapa chini kwamba sheria za kazi zinangoja hapo.

Boma la familia. Uwanja wa ndani wa boma si barabara. Jirani anayepita kusalimia hafanyi boma kuwa mahali pa umma. Lakini siku ya mazishi au harusi, boma likiwa wazi kwa kijiji kizima na magari yanaingia na kutoka, wakili anaweza kuleta hoja kwamba siku hiyo umma ulikuwa na nafasi ya kufika. Hoja hiyo yaweza kushinda, yaweza kushindwa.

Shamba lako lenyewe. Baba anayemfundisha kijana wake kuendesha trekta katikati ya shamba la mahindi, mbali na njia yoyote, havunji sheria ya leseni. Lakini trekta hilo likivuka tu barabara ya vumbi kuelekea shamba la pili, kijana huyo yuko barabarani, na leseni inahitajika. Hakuna ruhusa maalum kwa sababu ni hatua ishirini tu.

Je, polisi wanaweza kuingia kwangu?

Hili ni swali jingine, na watu wengi hulichanganya na lile la kwanza. Kosa kutokea wapi ni jambo moja. Polisi kuingia wapi ni jambo la pili.

Tuseme mwendesha bodaboda amesimamishwa barabarani, akakataa, akakimbilia nyumbani na kufunga lango. Kosa lake lilitendeka barabarani. Kufika nyumbani hakulifuti. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 22, inasema kwamba afisa mwenye mamlaka ya kumkamata mtu, akiwa na sababu ya kuamini kwamba mtu huyo yuko ndani ya mahali fulani, anaweza kudai aruhusiwe kuingia, na mwenye mahali hapo anapaswa kumruhusu. Akikataliwa, sheria inampa njia ya kuingia kwa nguvu.

Lakini polisi hawana ruhusa ya kuzunguka kwenye maboma ya watu wakikagua stika za bima. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inampa kila mtu haki ya faragha. Inamlinda asipekuliwe yeye, nyumba yake wala mali yake, na asinyang'anywe vitu vyake bila kufuata sheria. Kwa kawaida upekuzi wa nyumba unahitaji kibali cha mahakama. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka wa 2011 inaruhusu kuingia bila kibali katika hali maalum, kwa mfano pale ambapo kungoja kibali kungeharibu uchunguzi, na bado afisa anatakiwa kuheshimu hiyo Ibara ya 31.

Kwa hiyo gari bovu lililokaa juu ya mawe nyuma ya nyumba yako, lisilo na bima, si kosa la trafiki. Halitumiki barabarani. Ila kama gari hilo ndilo lililomgonga mtu jana usiku kule sokoni na kukimbia, polisi wana sababu nzuri ya kulitafuta hadi hapo nyuma ya nyumba.

Ukijikuta umekamatwa, kumbuka Ibara ya 49. Una haki ya kuambiwa mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza. Na unapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata kama saa hizo zinaishia nje ya saa za kazi za mahakama. Mwulize afisa jina lake na kitambulisho chake cha kazi, kwa adabu. Kama ni kulipa, lipa kwa njia rasmi na udai risiti.

Pale sheria ya trafiki inapokoma

Turudi kwa msimamizi wa shamba anayesema, "Hii ni ardhi ya kampuni." Tuseme ana haki. Tuseme lango hufungwa, mlinzi yuko, na mahali pale si barabara. Trekta limemgonga kibarua na kumuua. Je, ameponyoka?

Hapana. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, haijali mahali palipotokea kifo. Kifungu cha 202 kinasema mtu anayesababisha kifo cha mwingine kwa kitendo au kwa kuacha kutenda kinyume cha sheria ana hatia ya kuua bila kukusudia. Uzembe mkubwa wa mtu mwenye wajibu wa kuwa mwangalifu unaingia humo. Adhabu yake ya juu kabisa ni kifungo cha maisha. Linganisha na miaka 10 ya kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki. Aliyekimbia sheria ndogo anaweza kujikuta mbele ya sheria kubwa.

Kanuni hiyo hiyo ina makosa ya uzembe unaomjeruhi mtu bila kumuua. Na hayo ni makosa ya kawaida ya jinai. Afisa yeyote wa polisi ana kazi hapo, awe wa trafiki au la.

Kisha kuna sheria za kazi. Mwajiri ambaye mfanyakazi wake amefariki katika ajali kazini anatakiwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 kumjulisha afisa wa usalama kazini ndani ya saa 24. Na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, inampa mfanyakazi aliyeumia, au familia yake akifa, haki ya fidia. Hakuna hata moja inayouliza kama trekta lilikuwa barabarani.

Mwisho kuna kesi ya madai. Aliyeumizwa kwa uzembe anaweza kumshtaki dereva na mwenye gari ili alipwe fidia, popote ilipotokea ajali. Kwa kawaida ana miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi hiyo. Ikipita, mlango unafungwa.

Bima: mahali panapouma

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watu hulisahau, na ndilo sababu kubwa ya kuandika makala haya.

Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inamlazimisha kila anayetumia gari barabarani kuwa na bima inayomlinda mtu wa tatu. Mtu wa tatu ni yule anayegongwa: mtembea kwa miguu, mtoto, mchuuzi wa kando ya njia. Bima hii ipo kwa sababu dereva wengi hawana pesa za kulipa fidia kubwa. Korti ikimpa aliyeumia fidia, kampuni ya bima inaweza kulazimika kulipa hadi shilingi milioni 3 kwa dai moja. Kinachozidi hapo kinabaki kwa aliyesababisha ajali.

Umeona neno lile tena? Barabarani.

Mtu anayekazana kusema "hapa si barabara, hapa ni kwangu" anaweza kuwa anaipa kampuni ya bima silaha. Kampuni inaweza kusema: kama hapakuwa barabara, sheria haikutulazimisha kuwa na bima ya mahali hapo, basi hatulipi. Bima kubwa inayonunuliwa kwa hiari inaweza kuwa na masharti mapana zaidi, na ndiyo maana ni vizuri kuisoma kabla ya ajali. Lakini magari mengi vijijini yana ile ya lazima tu.

Huo si mchezo wa maneno. Nchini Uingereza, mwaka wa 1998, mahakama ya juu kabisa iliamua kwamba maegesho ya magari si barabara kwa mujibu wa sheria ya bima ya huko. Watu walioumia kwenye maegesho wakajikuta hawana pa kushika, hadi sheria iliporekebishwa mwaka wa 2000 ili itaje pia mahali pengine pa umma.

Sheria yetu ya trafiki, kwa kuyataja maegesho na njia za miguu, imempa aliyeumia nafasi nzuri zaidi ya kujenga hoja yake. Lakini lazima hoja ijengwe, na ushahidi uwepo.

Sasa mfikirie tena yule mtoto aliyevunjika mguu siku ya mazishi. Wazee wameamua yaishe nyumbani. Mwenye pikapu ametoa shilingi elfu kumi na mbuzi, akaomba msamaha. Hakuna aliyekwenda kituoni. Miezi mitatu baadaye mguu umepona vibaya, na daktari anasema mtoto anahitaji upasuaji. Elfu kumi ziliisha siku ya kwanza. Hakuna nambari ya OB. Hakuna fomu ya P3. Hakuna picha. Bila karatasi hizo, safari ya kudai fidia ni ndefu na ngumu.

Wazee hawakuwa na nia mbaya. Upatanisho ni jambo jema, na Katiba yenyewe, Ibara ya 159, inahimiza njia za kienyeji za kutatua migogoro. Lakini kupatana hakuzuii kuripoti. Mnaweza kufanya yote mawili. Na mtu akifa, si wazee wala chifu wala familia wanaoweza kulifunga jambo. Kifo cha ajali lazima polisi wajulishwe.

Ajali ikitokea ndani ya boma, shamba au uwanja

Hatua hizi zinafaa hata kama hujui mahali ulipo ni barabara au si barabara. Hilo litaamuliwa baadaye na wanaojua.

Simama. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki kinamtaka dereva asimame baada ya ajali iliyomuumiza mtu au mnyama, au kuharibu gari au jengo, atoe jina lake na la mwenye gari, na kuripoti polisi mapema iwezekanavyo, isizidi saa 24. Usibishane kwanza kama hapo ni barabara. Ripoti.

Mpeleke aliyeumia hospitalini. Hifadhi kila karatasi: kadi ya matibabu, risiti za dawa, picha za eksirei.

Piga picha kwa simu yako. Piga gari, nambari yake ya usajili, stika ya bima na alama za magurudumu. Kisha piga jambo ambalo wengi hulisahau: njia ya kuingilia. Je, lango liko wazi? Kuna kibao? Watu wanapita? Picha hizo ndizo zinaweza kuamua kama mahali pale palikuwa barabara.

Andika majina na nambari za simu za walioshuhudia, wakiwa bado wanakumbuka vizuri.

Ripoti kituoni na upewe nambari ya OB, yaani nambari ya taarifa yako katika kitabu cha matukio. Usiondoke bila nambari hiyo. Omba fomu ya P3 kwa ajili ya aliyeumia, ijazwe na daktari. Fomu hiyo ni ya bure. Baadaye omba abstrakti ya polisi, ambayo kampuni ya bima na wakili wataihitaji.

Kama afisa anakwambia "hilo ni jambo la shamba, si la trafiki," mwombe kwa adabu aliandike hata hivyo. Mtu aliyeumia ana haki ya kuandikiwa taarifa yake, liwe la trafiki au lisiwe.

Mkipatana, andikeni. Maandishi yaonyeshe kiasi kilicholipwa na kwamba ni cha matibabu ya mwanzo, kama ndivyo. Usiweke sahihi au kidole kwenye karatasi inayosema hutadai tena chochote kabla daktari hajakueleza hali ya jeraha na kabla hujamuuliza mtu anayejua sheria.

Kwa wenye ardhi

Kama unataka njia yako iwe ya faragha, ionyeshe kuwa ya faragha. Weka lango na ulifunge. Weka kibao. Lakini usidhani kibao kinakuondolea wajibu. Siku ukifungua lango kwa ajili ya harambee, mnada au mazishi, umekaribisha watu na magari pamoja, na unapaswa kuwaza usalama wao.

Jambo dogo husaidia kuliko kesi kubwa. Tengeni sehemu moja ya magari na nyingine ya watoto. Mteueni kijana mmoja asimame nyuma ya kila gari linalorudi nyuma. Dereva aliyekunywa asipewe ufunguo, hata kama ni mjomba na anakwenda pale tu.

Mzee wetu wa mwanzo alisema polisi hawana kazi bomani. Tumeona kwamba mara nyingi wana kazi, na kwamba kuwaita si kumchukia mwenye pikapu. Ni kumwekea mtoto karatasi ambazo siku moja zinaweza kulipia mguu wake.